Mjane wa Thelathini

Zikiwa zimebaki wiki tatu akabidhi tasnifu yake, Profesa alifungua simu akakuta mahojiano thelathini yaliyorekodiwa. Yalipaswa kuwa ishirini na tisa.

Profesa hakuwa profesa. Mama yake ndiye aliyempachika jina hilo siku alipopata nafasi chuo kikuu, na mtaa mzima ukalidaka. Mama alikuwa mjane na fundi cherehani, aliyekanyaga cherehani miaka kumi na minane ili huyu mmoja asome. Tasnifu yenyewe ilihusu wajane wanaojitegemea. Msimamizi alitaka mahojiano thelathini, si pungufu, na Profesa alipofikisha ishirini na tisa alikuwa hoi. Wa thelathini akamtunga mezani huku akipiga miayo: mjane, fundi cherehani, miaka hamsini na miwili. Kazi na umri aliazima kwa mama yake, uvivu tu. Na kwa kuwa jedwali lake lilikosa mjane asiye na mtoto, akaandika kwamba huyu hakujaliwa.

Sasa mjane huyo wa kutunga alikuwa na sauti. Profesa akabonyeza, akasikia cherehani ikienda taratibu, kisha mwanamke akasema maneno yaleyale aliyoyatunga yeye. "Sikujaliwa mtoto. Nimezoea."

Hakuogopa, na hilo peke yake lingemtisha mtu mwenye akili zake. Lakini wiki hizo alikuwa amekufa ganzi, hata chai ya moto aliimeza bila kuhisi chochote. Akaifuta ile sauti, akarudi kupanga marejeo.

Kesho yake ilikuwepo tena, ndefu zaidi. Chumba chake kikaanza kunuka mafuta ya cherehani na kitambaa kilichounguzwa na pasi, mchana kweupe, mama akiwa ametoka kununua nyuzi na cherehani yake imefunikwa shuka sebuleni.

Ikabidi amweleze shangazi yake, naye shangazi akamburuta kwa mganga mmoja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye kwanza alimgombeza kwa kughushi takwimu.

"Umeandaa kiti, ukaweka na jina la kazi na umri," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Jini limepita, limekuta nafasi, limekaa. Nenda kwa wakubwa zako ukaseme mtu huyo hayupo. Ukimkana mbele yao, atatoka."

"Nisipomkana?"

"Atataka mwili. Atachagua unaomwenea."

Profesa alipiga hesabu zake njiani. Kukiri ni kurudia mwaka, au kufukuzwa kabisa, na mama alishaanza kulipunguza joho la mahafali kwa sababu lilikuwa linaburuta chini. Akaamua kunyamaza. Moyoni hakusikia kitu, akadhani huo ndio utulivu.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini alipitia kurasa zote kwa uvivu mpaka alipofika kwa mjane wa thelathini, akavua miwani.

"Huyu mama amenigusa," alisema. "Ulikutana naye kweli?"

Na hapo, chini ya meza ile ndefu, cherehani ikaanza kwenda, taratibu kisha mbio, harufu ya pasi ikapanda mpaka macho yakamchoma, na Profesa akawatazama watahini watatu mmoja baada ya mwingine akitafuta uso hata mmoja uliosikia alichosikia yeye, akaona wote wanamsubiri kwa upole, kalamu mkononi, na akajua kwamba neno moja tu lingemaliza yote, joho na jini pamoja.

"Ndiyo," alisema. "Nilikutana naye."

Cherehani ikanyamaza. Akapewa alama za juu.

Nyumbani alikuta mama ameketi sebuleni, anamalizia pindo la joho.

"Mama, nimefaulu."

Mama akaondoa mguu kwenye kikanyagio, akageuka. Alimtazama kwa ile heshima aliyowawekea wateja, tangu kichwani hadi miguuni.

"Hongera, binti. Joho ni lako kumbe?" Akatabasamu. "Mama yako atafurahi."

"Mama. Ni mimi, Profesa."

"Karibu, Profesa." Alilitamka jina kama ndiyo kwanza analisikia. "Watoto wa wenzangu mnasoma. Mimi sikujaliwa. Nimezoea."

Kisha akachukua utepe wa kupimia, akamwomba ageuke.