Picha za Mabiharusi

Bi Mwanamize ni mpiga picha wa wanawake mjini Wete. Studioni mwake haingii mwanamume. Hapo biharusi huvua baibui, akapigwa picha za kutazamwa na mumewe na wanawake wenziwe tu. Kina mama wanamwamini. Naye anawapenda wote, hata wasumbufu.

Picha zimo kwenye programu ya intaneti. Biharusi huandika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha neno la siri, akaona albamu yake.

Alkhamisi watengenezaji wa programu walituma ujumbe: "Kuna kasoro. Wadukuzi wanaitumia sasa hivi. Weka marekebisho leo." Bi Mwanamize aliuacha. Nani huko duniani ataijua studio ya Wete?

Jumatatu asubuhi programu ilikwama kila mara. Akamwita jirani yake Yumna, mwalimu wa kompyuta, akamwonyesha na ule ujumbe.

"Mie nafuta kila kitu," alisema Bi Mwanamize. "Nianze upya, mtu asijue."

"Usifute, shoga yangu! Utafuta na nyayo za mwizi. Kwanza tuitoe kwenye intaneti."

Wakaitoa. Yumna akahifadhi nakala ya rekodi, pale kompyuta inapoandika nani kaingia na kaomba nini.

"Kaingiaje? Neno langu la siri sijampa mtu."

"Hakulihitaji. Weye huandika jina hapa. Yeye kaandika amri, kwa lugha ya kompyuta iitwayo SQL. Programu ilipaswa kuichukua kuwa ni jina tu. Lakini ina kasoro, ikaitii."

"Ikamtii mgeni?"

"Ikamtii."

Rekodi zilionyesha kuwa mwizi aliingia Jumamosi. Alichukua majina na namba za simu za mabiharusi thelathini na mmoja. Picha hakuzifikia. Bi Mwanamize alilia kwa shukrani.

Waliweka marekebisho, wakabadilisha maneno yote ya siri. Wakahakikisha mwizi hakuacha njia nyengine ya kurudi. Ndipo wakairudisha programu kwenye intaneti.

"Basi yamekwisha," alisema Bi Mwanamize.

"Bado. Waambie mabiharusi wenyewe."

"Wataniacha, Yumna!"

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwizi akiwatisha, wajue kuwa picha hana. Wasilipe, waende polisi."

Alasiri alikwenda Gando, kwa Bi Duni, aliyemuoza binti yake Kauthar mwezi uliopita. Alieleza yote, kichwa chini.

Mlango wa ndani ukafunguka. Kauthar alitoka, macho yamemvimba.

"Kumbe picha zangu hana?"

"Hana, mwanangu. Tumeangalia kila alichochukua."

"Jana kanipigia mtu. Kasema anazo, atamtumia kila mtu. Sikumwambia mume wangu, wala mama. Nilitaka kufa, Bi Mwanamize."

Bi Duni alimvuta binti yake kifuani. Bi Mwanamize aliwakumbatia wote wawili, wakalia pamoja.

Kisha akafuta machozi, akatoa simu. Walibaki thelathini. Akaanza kuwapigia, mmoja mmoja.