Plasta ya Goti la Winfrida

Asubuhi huku kwetu Mgeta inaanza na ukungu. Mimi nachochea moto, mjukuu wangu Winfrida anakaa kwenye gogo, ananyoosha mguu, anaukunja, kama walivyomwelekeza hospitali. Kabichi zinatusubiri shambani. Zisubiri tu.

Goti hilo lilipasuliwa. Pikipiki iliteleza kwenye matope, akaanguka pamoja na mama yake. Mama yake, binti yangu Yuliana, hakuamka tena. Tulimzika kule juu mlimani mtoto akiwa bado amelazwa mjini. Hata udongo hakumwagia mama yake. Hilo ndilo lililokuwa linamla.

"Babu, nikipona tutapanda kwa mama?"

"Tutapanda. Goti likiruhusu."

Kidonda kilipokauka, Bwana Eustace, mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, akambandika plasta ya bluu, ile inayovutika, ya kupunguza uvimbe. Basi siku moja ikabanduka pembeni. Winfrida akaitoa yote, akaivuta kwa nguvu, akalizungushia goti. Si unajua, huku matenga ya nyanya tunayafunga kwa mpira wa baiskeli, na usipouvuta sana mzigo unamwagika njiani. Akadhani na goti ni hivyohivyo, likibanwa litapona haraka.

Mimi nikaona anachechemea.

"Linauma?"

"Haliumi, Babu."

"Wewe! Mbona mguu hauingii kwenye kiatu?"

Akaanza kulia. "Nikisema utaniambia nisubiri tena. Mama atadhani simpendi."

Nikamshika mkono.

Hospitali, Bwana Eustace aliibandua polepole. Ngozi ilikuwa imetoka malengelenge.

"Binti, huu si mzigo wa nyanya," akamwambia Winfrida baada ya kusikia alivyoifunga. "Plasta hii inalala tu juu ya ngozi. Ikibanduka, ikiwasha, ikibana, unasema siku hiyohiyo. Sasa tusubiri ngozi ipone."

Alilia njia nzima kurudi, na mimi machozi yakanitoka.

Masika yakaisha, ngozi ikapona. Tukapanda mlima, tunatembea, tunapumzika. Kaburini akachota udongo, akaumwaga taratibu.

"Mama, nimechelewa."

"Hujachelewa, mjukuu wangu," nikamwambia. "Mama yako angetaka upone kwanza. Ila maumivu usiyafiche. Ukiyaficha, sisi tunaokupenda tutakusaidiaje?"

Akapangusa udongo mikononi. Halafu akasema, "Basi Babu, linauma kidogo."

"Haya, tukae."

Tukakaa.