Koki ya Zahanati

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare zake, msichana aliyeitwa Chiriku kwa wingi wa maneno alikwenda maktaba. Huko mkutubi alikuwa ameanzisha wiki. Si ile ya siku saba, bali kurasa za kwenye kompyuta ambamo mtu yeyote wa mtaani angeweza kuandika anachokijua na kusahihisha cha mwenzake. Mshonaji alieleza namna ya kukata kola. Muuguzi aliandika jinsi ya kumhudumia mtu aliyeungua. Chiriku alipewa kazi ya kueleza koki za kufungia maji ziko wapi, kwa kumuuliza babu yake, fundi bomba mstaafu.

"Kesho asubuhi tuzunguke wote, nikuonyeshe moja moja," babu alimwambia.

Kesho yake Chiriku alinogewa na mchezo wa rede, asiende na babu. Jioni akaandika kwa kukisia: koki ya zahanati iko nyuma ya jengo, karibu na ukuta. Mkutubi alimsifu, naye akavimba kichwa.

Siku kumi baadaye, bomba la zahanati lilipasuka. Muuguzi alikimbilia maktaba, hapo jirani, akausoma ukurasa ule, na vijana wakaanza kuchimba nyuma ya jengo. Walichimba hadi wakalowa jasho. Koki hawakuiona, na maji yalikuwa yameshafika mlangoni mwa stoo ya dawa.

Chiriku alisimama kando. Angeweza kunyamaza.

"Msichimbe hapo!" akapaza sauti. "Nilibuni tu. Babu hakuniambia hivyo!"

Akatimua mbio kwenda nyumbani.

Babu alikuja na spana begani, bila kuuliza maswali. Alihesabu hatua tisa kutoka langoni, akafukua mchanga, akafunua kifuniko cha chuma na kuzungusha koki. Maji yakakatika. Dawa zikapona.

Alasiri ile babu aliketi maktaba, miwani puani, akimtajia mjukuu wake mahali zilipo koki zote kumi na moja.

"Andika hatua tisa, si kumi. Miguu yangu haijazeeka kiasi hicho."

Chiriku alicheka huku akifuta machozi. Alipomaliza, aliandika chini ya ukurasa: "Maelezo ya kwanza yalikuwa kosa langu."

Mkutubi aliyasoma, akamshika bega.

"Mwanangu, kurasa hizi zina nguvu kwa sababu jirani anamwamini jirani. Ukiandika usichokijua, unampoteza. Ukikiri na kusahihisha, unamwokoa. Wewe umefanya yote mawili. Lishike hilo la pili."