Tumbo la Mtunza Ghala

Yordani alikuwa mtunza ghala wa kijiji cha ujamaa, si mbali na Kerenge. Kila asubuhi alifungua ghala, akaanika mahindi na kuziba matundu ya panya. Ufunguo aliufunga kiunoni kwa kamba ya katani. Kamba hiyo aliisokota mwenyewe, kwani kabla ya kuja kijijini alikata mkonge miaka ishirini.

Baada ya masika, kamba ilianza kumbana. Aliilegeza. Wiki mbili baadaye haikuzunguka tena. Akasokota nyingine, ndefu zaidi.

Mkewe, Raheli, alifurahi mwanzoni. "Baba Kudra, kijiji kimekupenda," alisema. "Unanenepa."

Majirani hawakufurahi. Mvua zilikuwa haba, na nyumba nyingi zilipika mara moja tu kwa siku. Jirani yao Mbwana, mtu wa utani, alisema mbele ya watu shambani, "Mahindi yetu sasa yana maghala mawili. Moja la bati, moja la ngozi."

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka. Neno "kupe" likaanza kutajwa. Kamati ikaitisha mkutano Jumamosi, Yordani anyang'anywe ufunguo.

Yordani akaacha kula ili tumbo lishuke. Halikushuka. Miguu nayo ilivimba, na kutembea hatua kumi kulimtoa pumzi.

"Twende zahanati," Raheli alimwambia.

"Waseme nimekula mpaka nimeugua? Siendi."

Raheli alimpikia mchuzi wa samaki wa chumvi apate nguvu, na mboga akaitia magadi ilainike. Tumbo lilizidi. Alhamisi hakungoja tena ruhusa. Alikwenda kumwita Mwaija, mhudumu wa zahanati.

"Shikamoo, baba," Mwaija alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mwizi?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa. Vua shati."

Mwaija hakuanza na tumbo. Alishika mkono wa Yordani, ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Alitazama macho, yalikuwa na umanjano. Kisha akamlaza ubavu na kumgonga tumbo kwa vidole. Upande wa juu ulilia kama ngoma. Upande wa chini haukulia.

"Mama, aliyenenepa hunenepa na mikono," alimwambia Raheli. "Haya ni maji. Mgonjwa akigeuka, nayo yanahama."

"Maji? Mbona hanywi sana?"

"Hayatoki kwenye kikombe. Ini likiumwa muda mrefu hujaa makovu na kuwa gumu. Damu hupita humo kwa shida, na maji yake huvuja na kukaa tumboni. Baba, unakunywa pombe?"

Yordani alitazama ukuta. "Boha ya miwa. Kila jioni, tangu mkongeni."

"Basi huenda ndiyo iliyoumiza ini. Lakini wapo wasioonja pombe kabisa na ini lao likaharibika, kwa kichocho au homa ya ini. Hospitali ndiyo itakayojua. Kesho uende Korogwe."

"Kuna mzee hapa hutoboa kwa wembe," Raheli alisema kwa sauti ndogo.

"Asimguse. Uchafu ukiingia humo, atakufa. Na mchuzi huo wa samaki wa chumvi ninaounusa, uache. Chumvi na magadi huyashika maji mwilini. Lakini ale. Maharage, mayai, uji. Kujinyima kumemmaliza nguvu. Na akitapika damu, akipata choo cheusi, homa au akianza kuchanganyikiwa, msingoje hata saa moja."

Yordani alimruhusu Mwaija amweleze Mbwana, kwa kuwa ndiye dereva wa trekta la kijiji. Mbwana alifika asubuhi bila utani. Alimwinua Yordani ampandishe kwenye tela, na mkono wake ukazunguka bega lote la mgonjwa ukabaki na nafasi.

"Bega hili halijala mahindi ya mtu," alisema. "Ndugu yangu, nisamehe."

"Endesha," Yordani alisema. "Mashimo uyakwepe, ndiyo msamaha wangu."

Hospitalini daktari alitoa maji mengi kwa sindano safi, akampa dawa za kumkojoza. Alimweleza wazi kwamba makovu ya ini hayafutiki, ila akiacha pombe moja kwa moja, akipunguza chumvi na kurudi kupimwa, anaweza kuishi na kufanya kazi.

Jumamosi Mbwana alisimama mkutanoni, akaeleza aliyoyaona. Ufunguo ulikabidhiwa Raheli autunze mpaka mumewe arudi.

Yordani alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, anapumua vizuri. Jioni Mbwana alikuja kumjulia hali. Raheli aliwapa uji wote wawili, wa Yordani bila chumvi.

"Una ladha gani?" Mbwana aliuliza.

"Ya kuwa hai."

Asubuhi Raheli alimpa ufunguo. Yordani aliifunga ile kamba ndefu kiunoni, ikazunguka mara moja na kubaki inaning'inia mpaka gotini. Aliitazama, akacheka, akakata kipande kilichozidi. Kisha akaenda kufungua ghala.