Damu ya Wiki ya Kumi na Mbili

Walikutana kwenye foleni ya mapokezi ya kliniki, siku ambayo watu walijaa mpaka mlangoni. Mwanamume alikuwa fundi cherehani, pande la mtu, vifungo vya shati vikimlilia tumboni. Binti aliyemkanyaga alivaa koti jeupe na viatu vyekundu.

"Samahani, kaka'ngu. Kwa siku unakaa kitini saa ngapi?"

"Unanikanyaga halafu unanihoji?"

"Nafanya utafiti. Natafuta watu wanaoshinda wamekaa."

"Basi umempata mfalme wao."

Binti alihitaji watu kumi na wawili wa kuendesha baiskeli ya mazoezi kwa wiki kumi na mbili. Akipungukiwa hata mmoja, masomo yake ya miaka minne yanakwenda na maji. Akamweleza kwamba mazoezi huzalisha chembe kali za oksijeni zinazouchubua mwili kwa ndani. Mwili ukivumilia, hujifunza kujikinga, na huchoma sukari na mafuta vizuri zaidi. Vidonge vya vitamini ni marufuku, maana vinaweza kuzizima chembe hizo na kuharibu vipimo vyote.

Wiki ya tatu fundi alichoka, akasema haji tena. Binti akamshika mkono. "Bonge wangu, ukiondoka nitamtazama nani?"

Maskini ya Mungu, akabaki. Akamshonea na gauni la kijani. Kila akimtoa damu ya vipimo, binti alimnong'oneza, "Bana pamba, mpenzi," naye alibana mpaka kidole kikafa ganzi.

Wiki ya kumi binti alimpigia kumtania, kisha akasahau kukata simu. Fundi akamsikia akimwambia shoga yake, "Alitaka kunitoroka, nikajifanya nampenda. Ningefanyaje? Nilikuwa na kumi na wawili tu!" Shoga akaangua kicheko.

Mtu anayepima kitambaa mara tatu kabla ya kukata, simu aliikata palepale. Jioni hiyo alipita duka la dawa, akanunua vitamini. Akazimeza kila siku, na kila siku alikwenda kliniki akitabasamu. Roho mbaya haihitaji mazoezi.

Siku ya mwisho binti alivaa lile gauni. Akamtoa damu, akafunga kichupa.

"Bana pamba, mpenzi. Utafiti umeisha, sasa nakuuliza bila aibu: lini utakuja kwetu kumwona mama?"

Fundi akaweka pakiti tupu ya vidonge mezani. "Viwili asubuhi, viwili jioni. Wiki mbili."

Binti akaigeuza pakiti, akaitikisa. "Umenimaliza! Nimekukosea nini?"

"Nilikusikia kwenye simu. Ulijifanya unanipenda ili nisitoroke."

"Na baada ya hapo nilisema nini?"

"Sikungoja."

"Nilimwambia aache kucheka, kwamba sasa nakupenda mpaka najiogopa. Nilimwambia nimeshamweleza mama."

"Nisamehe, mpenzi. Tuanze upya."

Binti alichukua orodha, akapiga mstari juu ya jina la fundi kwa rula, taratibu, usipinde.

"Nimebaki na kumi na mmoja," akasema. "Toka."

Fundi alishuka ghorofa nne, akasimama barabarani, moyo ukamrudisha. Alizipanda ngazi zote mbio, yeye ambaye zamani ghorofa moja ilimlaza, akafika juu bila kuhema hata kidogo. Akabisha mpaka mlinzi akapanda kumtoa.