Kadi Zilizong'olewa

Kila siku Khalayi akitoka shuleni alifanya mambo yale yale. Alivua sare na kuitundika msumarini, akajaza mtungi kwenye mfereji wa ploti, akamnywesha mdogo wake uji. Kisha alitia pini zake kwenye kikopo na kwenda zake ukumbi wa kanisa. Majirani walipoisikia ile kacha-kacha ya kikopo walijua mlinzi wa ubao anapita.

Miaka hiyo ya tisini, mtoto wa mtaa wa Kayole akikwama kwenye somo, wazazi wake walimlipia masomo ya ziada. Wazazi wengi hawakuweza. Ndiyo sababu Mwalimu Mirriam, aliyefundisha chekechea ya kanisa, alianzisha Ubao wa Maswali. Mtoto aliandika swali lake kwenye kadi ya manila na kulibandika kwa pini. Wanafunzi wa sekondari, wanakwaya, hata karani mmoja wa kiwandani aliyekuja kuimba besi, walipita hapo, wakasoma, wakaacha majibu. Wengi wao hawakuwahi kuonana na watoto waliowasaidia.

Mwalimu Mirriam alimpa Khalayi kazi ya kuutunza ubao, akamwomba jambo moja tu: maswali yawe mafupi. Loo, kwani alijua anamkabidhi nani? Khalayi alipenda sheria kama wenzake walivyopenda mandazi. Kesho yake juu ya ubao palikuwa na karatasi yenye maandishi mekundu: Swali lisizidi sentensi mbili. Usisimulie. Usichore. Usiulize lililokwisha kujibiwa. Atakayevunja sheria, kadi yake itang'olewa.

"Sheria ni msumeno," alipenda kusema huku ameinua kidevu. "Hukata mbele na nyuma."

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini ungemsikia ungedhani ni chifu.

Msaidizi wake alikuwa Otiende, mvulana wa darasa lao la saba. Otiende alisoma polepole, kidole kikifuata neno kwa neno. Ukimwambia, "Ngoja kidogo," alikuuliza kidogo ni dakika ngapi. Wenzake walimcheka kwa hilo, ila Khalayi hakumcheka. Hakuna aliyezishika sheria zake vizuri kama Otiende.

Jioni moja Kui alibandika kadi. Kui alikuwa akikaa na Khalayi dawati moja, naye alikuwa binti ya fundi Ng'ang'a, aliyetengeneza masanduku ya bati ya wanafunzi wa shule za bweni. Kadi yenyewe ilijaa maandishi mpaka pembeni:

"Baba alitengeneza sanduku dogo. Mteja akalipenda, akaagiza jingine ambalo urefu, upana na kimo vyote ni mara mbili. Alipokuja kulichukua akashangaa, akasema, nilitaka la kubeba mara mbili, mbona hili ni nyumba? Baba akacheka. Lakini mimi nililitazama nikaona kweli limemeza vitu vingi mno. Kama tulizidisha kwa mbili tu, hiyo nafasi nyingine imetoka wapi?"

Chini yake alikuwa amechora masanduku mawili, vifuniko vikiwa wazi, na kufuli juu.

Khalayi aliing'oa. Ilikuwa mara ya tatu kuing'oa kadi ya Kui.

"Kui, hii si kadi, ni risala! Wataka tuisome mbele ya mkuu wa wilaya?"

Watoto waliokuwapo wakaangua kicheko. Kui aliikunja kadi yake kidogo kidogo.

"Nikiifupisha, swali linanitoroka," alisema. "Mimi lazima nianze na sanduku ndipo nilione."

"Sheria ni sheria, Kui."

Kui alitoka bila kuaga. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa yake.

Sasa, usidhani hili lilikuwa jambo dogo. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa mlangoni. Shule nyingi siku hizo ziliogopa kushushiwa alama katika mtihani wa darasa la nane, hivyo aliyeanguka darasa la saba alirudishwa nyuma. Kui alikuwa amewahi kurudia darasa la tano. Mdogo wake Njogu alikuwa darasa la sita, akimfuata kwa visigino. Kui akirudia tena, atakaa darasa moja na Njogu, na alikuwa ameapa kwamba siku hiyo itakuwa ya mwisho kwake kuvaa sare. Khalayi aliyajua haya yote, maana Kui alimnong'onezea dawatini huku machozi yakimlengalenga. Aliyajua, na kadi aliing'oa vilevile.

Wiki iliyofuata walifanya jaribio la hesabu. Khalayi alipata karibu yote, isipokuwa swali moja: Tangi la mchemraba lenye upande wa mita moja hujazwa na mfereji kwa dakika kumi. Tangi la mchemraba lenye upande wa mita mbili litajazwa na mfereji huo kwa muda gani? Aliandika dakika ishirini. Mwalimu alichora alama nyekundu ya kosa na kuandika themanini.

Themanini? Khalayi aliliwaza swali hilo njia nzima. Jioni alilibandika ubaoni kwa sentensi mbili safi. Kesho yake jibu lilikuwapo: "Mbili mara mbili mara mbili ni nane. Nane mara kumi ni themanini." Alilisoma mara mbili. Hesabu aliiona, lakini maana yake hakuiona, basi akaandika kadi nyingine: "Lakini kwa nini?"

Otiende akaing'oa. "Swali hili limekwisha kujibiwa," alisema.

"Nimejibiwa lakini sijaelewa!"

Otiende alionyesha karatasi ya maandishi mekundu kwa kidole. "Hapa hapajaandikwa kuelewa. Pameandikwa kujibiwa."

Khalayi alichukua kadi ya tatu. Alichora tangi dogo na kando yake tangi kubwa, akaanza kueleza pale mawazo yake yalipokwama. Otiende aliingoja imalizike, akaichomoa kwa upole na kumrudishia mkononi.

"Umechora," alisema. "Na umesimulia. Pole."

Hakuwa akimkomoa, maskini. Alikuwa akifanya kama alivyofundishwa. Khalayi alisimama pale na kadi yake mkononi, masikio yakimchoma, watoto wakimtazama. Kwa mara ya kwanza alijua ubaridi wa kusimama mahali aliposimama Kui. Alitazama matangi aliyoyachora, na hapo akakumbuka masanduku mawili yenye vifuniko wazi. Lilikuwa swali lile lile.

Alimkuta Kui karakanani kwa baba yake, akisugua kingo za bati kwa tupa. Nyundo zililia kila upande. Kui hakuinua macho.

"Kui, sasa," alimsalimu.

Tupa iliendelea kusugua.

"Nimekuja kukuomba msamaha. Na nimekuja kuuliza. Hiyo nafasi nyingine ilitoka wapi?"

Fundi Ng'ang'a alicheka nyuma ya bati lake. "Mwonyeshe, Kui. Huyu naye ni mgeni wetu."

Kui aliondoka, akarudi na visanduku vya kuwekea akiba ya pesa, vile vidogo ambavyo baba yake alitengeneza kwa mabaki. Vyote vilikuwa sawa, upande kwa upande. Aliweka viwili chini, kimoja kando ya kingine.

"Nimezidisha urefu. Ni viwili, ama?"

"Viwili."

Aliongeza viwili mbele ya vile. "Nimezidisha upana. Vingapi?"

"Vinne."

"Sasa kimo." Alipanga vingine vinne juu ya vile vinne, akakung'uta mikono kutoa vumbi. "Hebu hesabu."

Khalayi hakuhesabu. Alikuwa ameviona vyote vinane kwa pamoja, na kifua kilimfunguka. "Kui! Wewe hili unalijua! Kwenye jaribio uliandika nini?"

Kui aliinamisha kichwa. "Niliacha wazi. Palikuwa na namba tu, sikuona tangi. Nilikuwa nataka mtu wa ubaoni anionyeshe hivi visanduku vinaingiaje kwenye namba. Hilo ndilo lilikuwa swali langu."

Khalayi alihisi aibu ambayo hata leo hangependa kuirudia. Aliokota chaki ya fundi, akapiga magoti, akaandika juu ya bati: mbili, mara mbili, mara mbili. Kui aliigusa kila tarakimu kisha kila upande wa vile visanduku. Waliendelea mpaka fundi akawaambia wampishe afunge.

Kesho yake Khalayi aliichana ile karatasi ya sheria vipande vipande. "Kila mtu aandike apendavyo!" alitangaza.

Watoto walipenda, na wakaandika! Ubao ulijaa vichekesho, matokeo ya mpira na kisa kirefu cha kuku aliyeibwa. Maswali ya kweli yalizama humo. Katikati ya vurugu Otiende alisimama ubaoni, kidole chake kikianza kadi hii, kikiacha, kikianza ile.

"Sijui niingilie wapi," alisema. "Zamani nilikuwa naweza kusoma hapa."

Aliketi kwenye benchi na kufunika macho. Khalayi naye akaketi kando yake, amechoka kabisa. Aliposhika msumeno alimkata Kui, alipoutupa akamuumiza Otiende. Hapo ndipo Mwalimu Mirriam alipowakuta, akawauliza kuna msiba gani. Khalayi alimweleza yote bila kujitetea.

"Unajua kwa nini nilikuomba maswali mafupi?" Mwalimu Mirriam aliuliza. "Ni kwa ajili ya watoto kama Otiende. Maneno yakijaa sana yanamchanganya. Ule ufupi ulikuwa mlango wake. Wewe ukauchukua mlango wa mmoja, ukawafungia wengine."

"Sasa tufanye nini, Mwalimu? Kui anataka ndefu, Otiende anataka fupi. Haiwezekani."

"Waulize wao. Sheria ni yao pia."

Khalayi alienda kumleta Kui. Wakaketi wote watatu na rundo la kadi, wakabishana kwa amani. Otiende alitaka kitu kimoja tu: ajue swali ni lipi kabla ya mengine yote. Kui alitaka nafasi ya sanduku lake. Khalayi aliichukua kadi akaigeuzageuza vidoleni, kisha mkono wake ukasimama.

"Kadi ina mbele na nyuma," alisema. "Mbele, swali kwa sentensi mbili. Nyuma, kila mtu asimulie, achore, afanye anavyofikiri. Anayetaka kugeuza, ageuze. Asiyetaka, asigeuze."

"Na aliyejibiwa akakosa kuelewa?" Kui aliuliza.

"Arudi, aseme amekwama wapi. Na kadi haing'olewi mpaka mwenyewe aitwe, asaidiwe kuirekebisha."

Otiende alifikiri sana. "Vichekesho je?"

"Vichekesho vina ukuta wa chooni," alisema Mwalimu Mirriam, wakacheka mpaka wanakwaya wakachungulia.

Tangu jioni hiyo Kui alibandika kadi kila siku. Mbele alihangaika na sentensi mbili, mara nyingi Otiende akimsaidia kuzikata. Nyuma alichora mabomba, mabati, na mara moja ng'ombe ambaye hakuna aliyeelewa kazi yake. Yule karani wa besi alianza kujibu kwa michoro yeye pia. Khalayi na Kui walisoma pamoja karakanani mpaka siku ya mtihani ilipofika.

Siku ya kufunga shule mwalimu wa darasa alisimama gwarideni na kusoma majina ya waliopanda darasa la nane. Khalayi alilisikia lake, la Otiende likafuata, majina mengine yakaendelea. La Kui halikuja. Khalayi aliushika mkono wa rafiki yake. Mwalimu aligeuza ukurasa, akakohoa, akasoma, "Wanjikũ Ng'ang'a."

"Ni Kui wetu!" Njogu alipiga kelele kutoka mstari wa darasa la sita, akifurahi kuliko mtu yeyote kwamba hatakaa darasa moja na dada yake, na gwaride zima likacheka. Kui alilia waziwazi, Khalayi naye hakujizuia.

Jioni walikwenda ukumbini kumpasha Mwalimu Mirriam habari. Aliwapa mkono mmoja mmoja, kisha akamgeukia Khalayi.

"Bado wasema sheria ni msumeno?"

"Bado, Mwalimu. Msumeno huo ulinikata hata mimi."

"Basi kumbuka na hili. Fundi hushika msumeno ili watu wapate kitanda cha kulalia. Ukishika sheria, uliza kwanza inamtengenezea nani nafasi, na nani inamwacha nje. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, wanangu. Asiyefikiri kama wewe si mjinga wala si mkaidi. Msikilize mpaka mwisho, maana siku moja wewe ndiwe utakayekwama, na yeye ndiye atakayeijua njia."

Khalayi aliitikia kwa kichwa. Nyuma yao Otiende alikuwa ubaoni, mbele ya kadi ya zamani ya Kui ya masanduku, ambayo sasa Kui alikuwa ameiandika upya, swali mbele na masimulizi na mchoro nyuma. Alikwisha soma sentensi mbili za mbele. Alisita, akatazama huku na huku, kisha kwa mara ya kwanza akaigeuza. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Kui," aliita, "mbona hukuniambia sanduku lina kufuli?"