Kengele ya Jumamosi

Siku hiyo stendi ya Bunda ilijaa watu mpaka mbuzi walikosa pa kupita. Ilikuwa siku ya soko, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na malori ya pamba yalikuwa yanatimua vumbi lisilotulia. Wankyo alivaa gauni la bluu la mikono ya puto, alilolishona mwenyewe, na kwapani alibana kifurushi cha nyuzi za ushirika wa akina mama wa Butiama, ambako alikuwaga fundi cherehani. Basi lilishamwacha. Akaona gari, Pijo jeupe, limesimama karibu na wauza miwa, akafungua mlango wa nyuma, akakaa, akasema, "Butiama."

Kijana aliyeshika usukani alimtazama kwenye kioo. Alikuwa na afro iliyochanwa ikachanika, na suruali, bugaluu la kijivu pana mpaka linameza viatu. Hakujibu kitu, akawasha gari. Walipofika ndipo Wankyo akauliza nauli, na yule kijana akamwambia kwamba hii siyo teksi. Yeye ni bwana shamba wa pamba kutoka Musoma, anaitwa Machage, na hapo alikuwa anaelekea Mwanza.

"Mwanza si upande ule mwingine? Na umenyamaza njia nzima?"

"Ningesema, ungeshuka."

Ndivyo yalivyoanza. Kila Jumamosi mchana Machage alikuja. Kwa mila za kwao, kijana haingii mji wa binti kabla wazee hawajaongea, wala hamwiti kwa jina masikio ya shangazi yakisikia. Kwa hiyo alisimama nje ya ua wa minyaa, akapiga honi mara moja, na Wankyo akatoka na ndoo yake kana kwamba maji yamemwishia. Wakakaa garini, vioo vimefunguliwa, wanakula karanga na kutaniana. Yeye alimwita Dereva, Machage akamwita Fundi.

"Fundi, mafuta yanaadimika," Machage alimwambia Jumamosi moja. "Siku moja utashangaa nimekuja na baiskeli."

"Uje nayo peke yako. Mimi sipandagi baiskeli. Mifupa yangu imezoea kiti cha gari."

Alikuwa anatania tu. Machage alicheka, ila kicheko chake kilichelewa kidogo.

Baada ya hapo honi ya Machage haikusikika tena.

Wankyo alijifunza kusikiliza. Pijo la Machage lilikuwa linakohoa likipanda kilima, na yeye alikijua kile kikohozi kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani. Jumamosi anasimamisha cherehani, anashikilia gurudumu kwa kiganja, anatega sikio. Injini ikilia mbali, moyo unapanda. Ikikaribia, ni lori la Kasmiri, dereva wa kiwanda cha pamba, anayepiga honi kuanzia shuleni mpaka mlangoni na kushusha chumvi na sukari kwa shangazi Dafroza, ambaye Wankyo alikuwa anakaa kwake. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alimweleza taratibu kwamba msimu wa pamba ukifungwa, wazee wa Kasmiri watakuja kuongea posa, na kama yule wa Musoma ana neno, basi alilete kabla ya hapo, maana mji hauwezi kukaa unasubiri vumbi.

Kilichomkera zaidi siku hizo ilikuwa kengele ya baiskeli. Babu Ngolo, muuza samaki, alikuwaga anazunguka vijiji na sanduku la ningu na furu kwenye keria, anapiga kengele nje ya ua. Sasa ilianza kulia hata Jumamosi, saa ile ile ya kusikiliza barabara. Wankyo akajibu kutoka ndani, "Leo hatununui."

Wiki iliyofuata alienda Bunda, akapiga simu ya posta mpaka ofisini kwa Machage. Akapokea karani mmoja.

"Machage hayupo."

"Amesafiri?"

"Asafiri na nini? Gari lake asubuhi nimelipita, liko mlangoni kwake."

Wankyo akarudisha simu polepole. Gari lipo, mwenyewe hajasafiri, ila kuja hataki. Hakulia mpaka alipofika nyumbani.

Jumamosi hiyo kengele ikalia tena, ndefu, mara ya pili, mara ya tatu. Uchungu wote wa ile simu ukamtoka mdomoni. Akasema kwa sauti kwamba alishaambiwa hawataki, kwamba ameoza yeye na mzigo wake, aende kwa wasio na pua. Kengele ikakatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Alhamisi babu Ngolo akaja na samaki wake. Wankyo akatoka na sahani, akamwomba radhi kwa maneno ya Jumamosi.

"Jumamosi ipi?" mzee akauliza. "Mimi Msabato, mjukuu wangu. Jumamosi niko kanisani, hata hili sanduku siligusagi."

Sahani ikamwinama mkononi.

"Ila siku hiyo nikitoka kusali," mzee akaendelea akichagua ningu mnono, "nilimkuta kijana pale njia panda ya Makutano anasukuma baiskeli, bugaluu limetafunwa na mnyororo. Nikamuuliza kama ni pancha. Akasema hapana, amechoka tu."

Jumamosi iliyofuata Wankyo alikaa nje ya ua tangu asubuhi, na gauni lake la bluu. Pakapita mbuzi, wakapita watoto wa shule, likapita na jua. Kengele haikulia. Na msimu wa pamba ulikuwa unafungwa, wazee wa Kasmiri walikuwa wanakuja Jumatatu.

Jumapili, babu Ngolo alipomaliza kuuza, Wankyo alikuwa anamsubiri barabarani na mto mdogo alioushona kwa vipande vilivyobaki vya gauni la bluu, ameujaza pamba. Alimuaga shangazi kwamba anaenda kutafuta samaki.

"Si huyu amekuja nao?" shangazi akasema.

"Nataka wa Musoma, shangazi."

Shangazi Dafroza alimtazama sana. "Basi mlete kabla wageni hawajakaa."

Yule aliyesema hapandagi baiskeli akaufunga mto juu ya sanduku linalonuka furu, akapanda, akamshika mzee koti. Kila jiwe la ile barabara lilimrudishia neno lake kwenye mifupa.

Mwisenge, kule Musoma alikokaa Machage, walifika jua limeshalala upande. Lile Pijo lilikuwa limepandishwa juu ya mawe, halina tairi hata moja, na kwenye kiti cha nyuma, pale pale alipokaa siku ya Bunda, kuku ameatamia. Wankyo aliweka kiganja kwenye kioo. Kisha akanyoosha mkono kwenye baiskeli ya mzee, akapiga kengele.

"Leo hatununui," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Hata ningu wa Butiama?"

Hatua zikakaribia mlango.

"Butiama hakuna ziwa."

"Ndiyo maana amekuja kulitafuta."

Machage akatoka, mikono ina grisi, mguu mmoja wa bugaluu umechanika mpaka gotini. Alikuwa amekonda. Hakusogea.

"Uliniambia nimeoza."

"Nilimwambia babu Ngolo."

Mzee akakohoa, akaenda kumtazama kuku.

Machage akaeleza, macho yako chini, kwamba mafuta yote yamepewa malori ya pamba, na matairi aliligawia gari la wagonjwa la zahanati ya Murangi lililokuwa limelala kwa kukosa matairi. Alitaka amwambie uso kwa uso. Kisha akatikisa kichwa.

"Mara ya kwanza ulinidhania teksi. Mara ya pili muuza samaki. Ya tatu utasema mimi nani?"

Wankyo akainamia kengele. "Ya tatu nitasema mume wangu. Ila usichelewe, Dereva. Wazee wa Kasmiri wanakuja kesho."

Machage akajifuta grisi mikononi. Akaingia ndani kuchukua baiskeli, na alipotoka Wankyo alishachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni. Akapiga goti vumbini, akakunja lile bugaluu kifundoni, akalishona likawa jembamba kabisa, mnyororo usilipate tena. Uzi akaukata kwa meno.

Halafu akafunga mto wake kwenye keria, akakaa, akasema, "Butiama."

"Ni mbali, Fundi. Giza litatukuta Makutano."

"Litukute. Safari hii tu usinyamaze njia nzima."